Safu ya Tatu

Daftari la mizinga lina safu mbili:
Hai. Wamehama.
Bosi Kihwele alizichora kwa rula, siku ileile
aliyonikabidhi funguo za stoo pale Mafinga.

Mwezi wa nane tulipakia mizinga arobaini usiku,
vitundu tumeziba kwa gunia bichi.
Fuso ikapita Makambako, mimi nyuma,
mgongo kwenye mbao zinazounguruma
kama sufuria kabla maji hayajachemka.
Wenye parachichi wa Njombe hulipa kwa mzinga, kwa wiki.
Waliosema fuata nyuki ule asali
hawakusema nyuki akikufuata wewe
atakula nini.

Ua moja tu, bonde zima.
Siku ya tisa, saa nne asubuhi, maua yamefunguka,
akaja kijana na pampu mgongoni.
Nikamwambia, piga jioni.
Akasema, kaka, zamu yangu inaisha saa sita.
Hakuwa mtu mbaya. Aliniazima kiberiti.

Jioni nyuki walirudi kwa miguu.
Wengine hawakufika mlangoni:
walizunguka majanini, ulimi nje,
na siafu wakaja na foleni yao.
Tukakoroga sukari kilo tano.
Haikunywewa.

Nyumbani nikafungua kifuniko baada ya kifuniko.
Bosi kwenye simu: Andika wamehama.
Nyuki wa huku ndivyo walivyo,
leo hapa, kesho Kilolo.
Lakini anayehama hubeba akiba.
Humu asali imebaki,
na majana yamefunikwa vizuri kwa nta
kama watoto walioachwa usingizini
na mama aliyesema naenda dukani mara moja.

Nikaandika.
Wamehama. Wamehama. Wamehama.
Mara ishirini na tisa, mwandiko ukizidi kunyooka.
Mshahara ni tarehe thelathini.

Kumi, hai.

Ukabaki mzinga wa kumi na saba.
Ndani, ngumi moja ya nyuki
imemkumbatia malkia, inatetemeka kumpa joto.
Si kundi. Si kaburi.
Baridi ya Mufindi inapenya kwenye ufa wa mbao,
nami ninahesabu, ninapoteza hesabu, ninaanza upya.

Nikavua koti, nikaufunika.
Kisha nikachora mstari mwingine daftarini,
bila rula, umepinda kuelekea ukingoni.
Juu yake sijaandika neno.
Kesho bosi atauliza hii safu ni ya nini.