Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mimi ni karani, Mahakama ya Wilaya, Temeke.
Nagonga mihuri, nashona majalada kwa uzi wa katani,
na simu ya mezani ikilia, napokea mimi.

Ililia Jumanne, saa nane na robo,
umeme umekwenda zake, feni imekata pumzi.
"Mheshimiwa anaongea," akasema mtu ambaye si mheshimiwa.
Kisha kimya, kisha kikohozi, kisha mwenyewe:
"Ile kesi ya mjane wa Toangoma. Simwelekezi hakimu,
hasha. Namkumbusha tu kwamba wananchi wanatazama."

Wananchi. Alilitamka kama mtu anayelamba koni.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.
Bi Sikudhani Pazi amekuja hapa mara kumi na saba
na risiti ya mwaka tisini na nne ndani ya mfuko wa unga,
mhuri wa serikali ya mtaa umefifia, lakini unasomeka.
Nikaenda mbio chemba:
"Mheshimiwa, mheshimiwa kapiga simu. Yuko upande wa bibi!"

Hakimu Nyamizi hakuinua kichwa.
"Kiwanja ni chake. Nilishaandika tangu juzi.
Maziwa yalikuwa safi, wewe umeniletea inzi.
Nikimpa, watasema simu imempa.
Nikimnyima ili nisisemwe,
simu itakuwa imeamua vilevile."

Akavuta jalada. Akaniuliza saa, jina, maneno,
neno kwa neno, hata kikohozi.
Akayatia kwa wino ndani ya mwenendo wa shauri,
ukurasa wa arobaini na moja,
na Alhamisi akausoma mbele ya wote, kabla ya hukumu.
Benchi za nyuma zikasahau kujipepea.

Bi Sikudhani alishinda. Akanishika mkono mlangoni:
"Nimshukuru nani, mwanangu?"
"Ishukuru risiti yako. Sisi tuliisoma tu."

Jioni, Rangi Tatu, redio ya muuza chipsi ikatangaza:
mheshimiwa amemrejeshea mjane kiwanja chake.
Watu wakapiga makofi, mafuta yakachacharika.
Ningesema nini, na mdomo umejaa mshikaki?
Nililipa, nikaondoka bila chenji.

Asubuhi nikalishona lile jalada upya,
mafundo mawili pale pa arobaini na moja,
asije mtu akauchomoa.