Kitufe Kisichofanya Kitu

Kibodi imefika Jumanne, katika boksi dogo kama la viatu vya mtoto:
vitufe kumi na viwili, vyeupe, vitupu,
havina herufi, havina namba, havina hata nukta.
Baba ameigeuza juu chini kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia umelala mapajani tangu Februari
kama paka wa jirani aliyekuja kutembea akasahau kwao.

Alikuwa fundi wa swichi za tramu hapa Brno,
miaka thelathini na moja akifungua visanduku vya chuma
theluji ikimwingia kolani.
Swichi anaijua. Amebonyeza kimoja, ta,
akakiachia, ta,
akatega sikio kama daktari kifuani pa mgonjwa,
kisha akanitazama: inafaa.
Hakusema. Siku hizi neno humfika mlangoni mwa meno
likasimama hapo, viatu mkononi.

Usiku nimeketi jikoni, programu iko wazi,
nikagawa kazi kama nyapara.
Wewe: Maji.
Wewe: Nina baridi.
Wewe: Asante, mwanangu.
Na wewe uandike jina lake zima, Bořivoj,
pamoja na ile r yenye kikofia
iliyomponyoka ulimini siku ya kwanza hospitalini,
sauti ya birika na msumeno kwa pamoja;
nimeifunga kwenye kidole kimoja isitoroke tena.
Kitufe hicho cha maji nacho nimekipa sura mbili:
ukikigusa ni Maji,
ukikishikilia ni Bia.
Nimecheka peke yangu, saa saba usiku.

Asubuhi amevipitia vyote.
Skrini ikajaa: Nina baridi Nina baridi Nina baridi,
na dirisha liko wazi, na yeye ana jasho.
Bia ameigundua bila kuelekezwa.
Alipofika kwenye Asante, mwanangu, akasita,
akatikisa kichwa. Ondoa.

Nilivimba kama andazi.
Akavuta penseli, na kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino,
dakika nne nzima, akaandika nyuma ya bahasha ya umeme:
HIYO NITAIANDIKA MWENYEWE.
Chini yake akaongeza orodha yake.
Zdislavo, nyamaza.
Kipa huyu ni mlango wa zizi.
Sijamaliza.
Na mstari wa mwisho: kitufe cha pembeni, kisifanye kitu.

Nikamwambia, baba, kitufe bila amri ni plastiki tu.
Akabonyeza Zdislavo, nyamaza.

Jumapili shangazi Květa amekuja na keki ya mbegu za mpopi
na mnunuzi wa kile kibanda chetu cha bustanini.
Bei ni nzuri, alisema, na wewe Bořivoj hutapanda tena vitunguu,
sivyo? Sivyo?
Baba akaweka kidole kwenye kitufe cha pembeni.
Ta.
Skrini nyeupe.
Ta. Ta.
Shangazi akafungua kinywa kumsaidia, kama tunavyomsaidia sote,
tunamtafunia sentensi tunamlisha.
Sijamaliza, ikasema skrini.
Ta. Ta. Ta.
Chai ikapoa. Tramu ikapita chini, vikombe vikatetemeka.
Ndipo akaivuta ile kibodi kubwa, ya herufi zote,
akaanza kudonoa, moja, moja:
v i t u n g u u
h u p a n d w a
k w a  m k o n o  m m o j a

Jioni nimefungua tena programu kuona nimeandika nini pale pembeni.
Kumbe hata kutofanya kitu kuna amri yake:
unachagua hakuna, unahifadhi,
la sivyo kitufe kinarudia kazi kilichotoka nayo kiwandani.

Sasa hivi nasikia kupitia ukutani,
ta,
kimya kirefu,
ta.
Sijui anasema nini. Sijaenda kuuliza.