Kioo Kabla ya Kuoshwa

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha vioo:
vipande vyembamba, urefu wa kidole cha kati,
vimepakwa uji wa sukari ungali moto.
Vilitupwa ndooni, nami na kitambaa changu
juu ya ngazi ya chuma, ghorofa ya tatu ya kiwanda,
nje kidogo ya Jinja, mwaka niliotoka Arua
na begi moja na cheti cha darasa la saba.

Drileba alikuwa mpishi.
Alipika sukari, tani arobaini kwa mkupuo,
katika tangi lenye dirisha dogo kama jicho la ng'ombe.
Alichomoa kijiti cha shaba,
akapaka tone kiooni, akakiinua kwenye taa,
akanyamaza.
Kisha akafungua valvu, robo mzunguko.
Au hakuifungua.
Nikamwuliza, "Umeona nini?"
"Sukari," akasema.

Basi nikaanza kuangalia kabla ya kuosha.
Hilo tu. Hakuna aliyeniagiza.
Nikanunua daftari, nikachora nilichokiona,
na kwa kuwa sikujua majina yake, nikayabuni:
*mchanga wa mtoni, macho ya dagaa,
meno ya mtoto,* na lile baya kuliko yote,
*unga wa muhogo juu ya kitambaa cheusi.*
Kando yake niliandika saa, na mkono wa Drileba
ulikwenda valvu ipi.
Wenzangu wa zamu walicheka:
"Candiru anasoma uchafu."

Miaka mitatu. Nafasi ya msaidizi ikabandikwa ukutani.
Akapewa Mugoya, kijana mpole, stashahada mkononi.
Yeye cheo, mimi kioo.
Sitadanganya, niliumia.
Nilivunja kimoja kwa makusudi
na nikakatwa mshahara.

Drileba alikuwa kwao, matangani,
usiku ule Mugoya aliposimama mbele ya mishale ya vipimo,
yote ikisema sawa, sawa, sawa,
saa nane, mvuke ukinguruma chini ya miguu yetu.
Alinitupia kioo nikioshe.
Nikakiinua.
Kati ya punje kubwa, unga wa muhogo.
"Lisha maji ya moto," nikasema. "Acha tangi lipande joto kidogo,
vumbi liyeyuke, ndipo uendelee."
Akatazama mshale. Akanitazama.
Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Wangu pia,
ila wangu ulikuwa umeshika kitambaa.
Akafungua.

Alfajiri sukari ilishuka safi, punje moja moja.
Ripoti ilitiwa saini na Mugoya.
Lakini usiku uliofuata aliniita kabla ya kuchomoa kijiti,
na uliofuata huo,
na mwezi wa nane ikaja barua yenye jina langu,
herufi moja imekosewa,
na nyongeza ya kutosha ada ya mdogo wangu mmoja.
Wako watatu.

Drileba aliliomba daftari.
Alilisoma amesimama, chakula chake kikipoa,
kurasa zote, hata zile zenye madoa ya molasi.
Nilingoja anitukane.
Akachukua kalamu sikioni mwa Mugoya,
akafuta mstari mmoja: "Hapa nilikosea mimi.
Umeandika kosa langu kama ujuzi."
Akafunga daftari. "Miaka ishirini na sita
nimeyaona haya, sikuwa na la kuyaita."
Na jioni ile, juu ya kelele za mashine,
nikasikia sauti yake ikipaza:
"Candiru! Macho ya dagaa! Njoo uone!"

Vioo sasa anaosha Nekesa.
Haulizi kitu, ana haraka, ana mtoto nyumbani.
Simfundishi. Sijui kama anataka.
Ila nikimaliza kuangalia sikitupi kioo ndooni;
nakiweka ukingoni, upande wa taa,
kikiwa kichafu bado.