Si Haba

Misimu tisa mfululizo tulimaliza wa saba.
Wa saba kati ya timu kumi na mbili: si kichwa, si mkia,
mahali ambapo hakuna anayekucheka
wala anayekuogopa.
Watu wa Šilupė wakiulizwa, "Vipi Korongo mwaka huu?"
walijibu huku wakifunga vifungo vya makoti:
si haba.

Mimi hupiga deki. Mchezaji akianguka
nakimbia na tambara kabla filimbi haijalia tena,
kwa hiyo timu yetu nimeisoma kwa magoti,
nimeisoma kwa jasho.
Miaka ile jasho lilidondoka upande mmoja tu,
kule tulikoshambulia, kwenye pembe ya Tautvydas,
alipopenda kusimama akirusha za pointi tatu.
Chini ya kikapu chetu wenyewe sakafu ilikuwa kavu
kama jiko la mtu aliyesafiri.

Kisha akaja Danutė Vaičekonytė,
mhasibu wa kiwanda cha jibini, kikohozi na daftari.
Akasema mkutanoni: kinachotuua si kushindwa.
Kinachotuua ni kushinda mechi kumi na moja kila mwaka.
Mwenye homa kali hukimbizwa hospitali;
mwenye mafua ya kudumu hununua leso.

Akamuuza Tautvydas. Ndiyo, yule yule
aliyechorwa kwenye ukuta wa shule,
akaondoka magoti yangali yamefungwa barafu.
Akawaaga na wageni watatu wa mishahara minono.
Akamtoa Eligijus kwenye timu ya watoto,
kocha asiyejua kusema na waandishi,
akamkabidhi vijana saba,
mmoja wao, Ugnius, bado ana waya wa meno.

Msimu wa kwanza: ushindi mara nne.
Duka la mikate likakataa kumuuzia Danutė.
Aliyetoboa magurudumu ya baiskeli yake namjua, simtaji;
ni binamu yangu.
Viti vilikuwa vitupu hata nikamsikia Eligijus
akisema rudi, rudi, rudi nyuma,
neno lile lile jioni nzima,
kama anayemwita mbwa aliyepotea.

Januari, usiku mmoja, niliteleza.
Chini ya kikapu chetu. Sakafu imelowa.
Nikapapasa, nikalinusa tambara kama mwendawazimu:
jasho, upande wetu, robo ya nne,
nasi tuko nyuma kwa pointi ishirini na sita.
Sikumwambia mtu. Nani angemsikiliza mpiga deki?

Machi, korongo wa kweli walirudi kutoka kusini
kwenye kiota chao juu ya nguzo ya umeme.
Niliwatazama asubuhi nzima, mikono mifukoni.
Vijiti vilivyooza walivitupa barabarani,
vipya wakavisokota juu ya uzito wa zamani.
Nguzo ililalamika. Ilishika.

Msimu wa pili, wa tisa. Wa tatu, nisikuchoshe:
Ugnius alitoa waya wa meno, akaota mabega.
Pesa zilipopatikana, mji mzima ukadai nyota.
Danutė akakohoa, akanunua mzee mmoja
mwenye pua iliyovunjika mara mbili,
wa pointi mbili kwa mechi,
aliyeokota kila mpira na kumkemea kila mtu.

Nusu fainali, mechi ya tano. Tulishindwa kwa pointi moja.
Mtupo huru wa Ugnius ulizunguka ukingo
kama mtu anayetafuta funguo zake mlangoni,
ukakumbuka umezisahau, ukaondoka.

Zamani, zikibaki dakika tano, watu walikwisha toka
kwenda kukwangua theluji kwenye vioo vya magari.
Usiku ule hakuna aliyeinuka.
Binamu yangu alilia mikono kichwani, kama mfiwa.
Muuza mikate alimshika Danutė ukosi wa koti
nikadhani atampiga.
Hakumpiga. Alimshika tu, hakumwachia.
Nilitega sikio ngazi kwa ngazi, mlango kwa mlango:
hakuna hata mmoja aliyesema si haba.

Taa zilipopunguzwa nikachukua ndoo.
Kulikuwa na kazi pande zote mbili.