Sahihi

Amri ilitoka na muhuri wa zambarau:
kila jioni mzazi atie sahihi daftarini,
kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, afike kikaoni.
Asiyefika, mwanawe arudishwe nyumbani Jumatatu
mpaka aje naye.

Niliinua mkono kuiunga. Mimi, Mwalimu Zuhura wa gredi ya nne, Mikindani.
Nikataja na asofunzwa na mamaye,
nikapigiwa makofi.

Wiki ya tatu nikaona jambo.
Mkia wa sahihi ya mamake Nyamvula
ulipinda kama wa babake Mutheu,
na wa babake Mutheu kama wa mamake Omollo.
Wazazi sita, mkono mmoja,
kalamu moja ya buluu inayovuja kwenye nukta.

Niliwaita. Wakatazama viatu.
Dzombo ndiye aliyeshindwa kunyamaza:
"Ni Kadzo wa gredi ya nane, tunaishi nyumba moja.
Anatukagua hesabu kwanza, Mwalimu.
Ukikosa, hatii."
Anawalipisha?
"Halipishi. Sisi humchotea maji."

Nikaenda jioni ile, rula mkononi, sijui ya nini.
Ujia mrefu, vyumba vinane, taa moja,
mitungi ya njano imepangwa ukutani.
Mkekani watoto sita na kugawanya kwa njia ndefu,
na msichana amembeba mdogo wake mgongoni,
anasema, "Rudia. Umesahau kushusha sifuri."
Hakuniona. Au aliniona akaona sifuri kwanza.

Babake Mutheu yuko na lori, siku ya nne, foleni ya Malaba.
Mamake Omollo huingia kiwandani Miritini
saa ile ile mwanawe anapovua sare.
Mamake Nyamvula alisimama mlangoni, unga wa mahamri hadi viwikoni.
"Nikija kikaoni nakosa mauzo ya siku.
Nisipokuja, mwanangu anakosa siku ya skuli.
Hebu nambia, Mwalimu, nikate wapi?"

Nilikuwa na methali. Nilikuwa nazo nyingi.
Zilinikauka kooni kama unga.

Na msidhani nimegeuka nikawa mtetezi wa kila mzazi.
Babake Kahindi hajakosa kikao hata kimoja.
Hufika wa kwanza, husaini kwa madaha,
hunywa soda ya chama, husinzia mpaka dua ya kufunga.
Ukimpa sheria, ataitimiza barabara.
Kahindi hajui kuandika jina lake.

Nikiwa njiani kurudi, simu ikalia tumboni mwa mkoba.
Ujumbe, kutoka skuli ya Tudor:
*Mzazi wa Feisal, hukuhudhuria kikao cha Ijumaa.
Hii ni mara ya tatu.*
Ijumaa. Saa nane mchana.
Saa nane ile nilikuwa mbele ya ubao wangu
nahesabu wazazi wa watu.

Jumatatu mwalimu mkuu aliomba orodha ya watoro,
yaani wazazi, watoto siku hizi hatuwaiti hivyo.
Nikampa. Kwenye safu ya mzazi,
mara sita, bila kufuta,
nimeandika Kadzo.
Akavua miwani. "Huyu ni nani?"
Nikamwambia ni mzazi pekee niliyemkuta nyumbani.
Akaniambia nisilete mzaha kazini. Akaiweka kando.
Bado iko kando.

Usiku nilimwambia Feisal, niletee daftari lako.
Alikwenda chumbani akakawia
kuliko chumba chenyewe kilivyo kikubwa.
Akalileta kwa mikono miwili, kama sahani ya moto.

Nikafungua. Tangu Januari,
hakuna jioni hata moja iliyokuwa tupu.
Jina langu lote, Zuhura Mbwana,
limelala juu ya mstari, limenyooka,
zuri kuliko ninavyoliandika mwenyewe.