Begi la Mgongo Mfupi

Mbaruku aliyamwaga juu ya turubai, Mgandini,
saa moja asubuhi, belo ndiyo kwanza limekatwa kamba,
na mimi nilikuja na mchele.
Kilo sita na robo, nimepimiwa dukani,
mifuko mitatu: mmoja ndio kamera,
mmoja lenzi ndefu, mmoja betri na chakula cha siku mbili.
Huwezi kuleta kamera ya mkopo sokoni
ukaijaribishia mabegi mbele ya macho ya watu.
Mchele ukimwagika, watakula kuku.

La kwanza jekundu, limepambika kama gari la harusi,
mifuko kumi na minne, nilihesabu;
ukitafuta memori kadi utazeekea humo.
La pili lilifungukia mbele.
Nililaza mgongo wake chini, na tope la Mgandini
likapanda kwenye mikanda, ile ile
itakayolala mabegani mwangu.
Nikakumbuka Mlinga, mwezi wa nne,
nilivyoshuka na fulana yenye ramani ya matope.
Nikalirudisha.

La tatu, kijivu, lilifungukia mgongoni.
Unalilaza kifudifudi kama mtoto anayepakwa mafuta,
unavuta zipu, kila kitu kinakutazama.
Ubavuni lina vitanzi viwili,
cha chini kipana, cha juu cha kukaza, vimekaa mshazari.
"Vya nini hivi?"
Mbaruku hakosi jibu. "Mwavuli."
Mwavuli gani wa urefu wa mtu?
Kwenye mfuko wa ndani nikakuta kipande cha nta,
tiketi ya maandishi yenye vinukta juu ya herufi,
na kwenye lebo mchoro: mtu kafunga mbao mbili mgongoni,
anapanda mlima mweupe mtupu
ili akifika juu ateremke akiteleza.
Anapanda kwa miguu, kusudi ateleze!
Mbaruku alicheka hadi akakaa chini.
Mimi sikucheka sana.
Mimi napanda siku tano
kusudi nibonyeze kidole.

Nikaacha simu rehani, nikalipeleka nyumbani,
Barabara ya Kumi na Sita.
Mama alikuwa anachambua mchicha.
Alinitazama nikizunguka uani na mchele wangu,
mabega yamepanda hadi masikioni.
"Nani kakwambia mabega ni ya kubebea?"
Miaka kumi na moja alishusha machungwa
kutoka shambani hadi stesheni ya Muheza,
tenga kichwani, mimi mgongoni.
Akafuta mikono, akaushika mkanda wa kiunoni
niliodhani ni urembo,
akaukalisha juu ya mifupa ya nyonga, akavuta
kama anakaza mbeleko, pumzi ikanitoka.
Kisha akalegeza ya mabegani.
"Tembea."
Nikatembea.
Mzigo ulikuwa umeshuka mwilini, umetafuta kwake.
"Mgongo wako mfupi," akasema, amerudi kwenye mchicha,
"umechukua wangu. Hilo linakutosha."

Mbaruku alianzia elfu themanini.
Tukamalizana hamsini na tano, na mchele juu.

Fundi Shekalaghe amelitia sponji ya godoro,
amelishonea koti la turubai la lori.
Tulilijaza magazeti, tukalimwagia ndoo mbili:
ukurasa wa michezo umelowa pembeni, basi.
"Zipu imetoa machozi mawili," alisema, "nitaipaka nta."
Nikampa ile ile iliyokuja na begi.
Alitaka kuvikata vitanzi, vinamkwaza sindano.
Nikamkatalia. Kimoja kitashika stendi.
Kingine sijui.

Jumanne naondoka. Wanataka picha ya ukingo wa barafu,
kule juu Kibo, jua likiugusa.
Tiketi nimeiacha mfukoni ilimokuwa.
Begi hili limeshaona weupe ule, limeganda, limeyeyuka.
Kati yetu wawili
mgeni ni mimi, wa Tanga,
niliyeiona barafu kwenye friza la samaki,
na alama ya mkanda bado iko kiunoni,
nyekundu, pale mama alipovuta.