Nusu Kikombe

Mama yangu mpya ana miaka arobaini na mmoja.
Mimi nina hamsini na minane.
Karatasi ya mafunzo inasema: mwite Apa, yaani mama,
nami namwita, naye anaitika bila kucheka;
mabega yake tu ndiyo yanayocheka.

Jina lake Burulkan. Ana ng'ombe mmoja, watoto wawili,
mume aliyeko Urusi akipanga matofali,
na chumba kimoja kizuri, mbali na mlango,
alichonipa mimi, yeye akahamia jikoni.
Nilipokataa alinisukuma ndani kwa kiwiko.
Huo ndio mkataba wetu wa kwanza.

Kwetu nilikuwa mkunga.
Vichwa mia tisa na ushei vimepita katika viganja hivi,
na kuna daktari bingwa niliyemfokea akanywea.
Hapa, siku ya pili, niliomba chumvi mezani,
kumbe ulimi umeteleza, nimesema "wima".
Nurdoolot, kitinda mimba, miaka sita,
akaacha kijiko, akanyoosha mgongo kama askari.

Ndiye mwalimu wangu wa usiku.
Hunishika midomo kwa vidole vinavyonuka mtindi,
anaiviringa, anaivuta, mpaka irabu itoke.
Irabu zao ni nane.
Meno yangu ya mbele mawili ni ya kununua.

Siku ya tatu hawakunipa jembe. Walinipa ndoo.
Bomba liko mwisho wa barabara, na barabara ina macho.
Jirani mmoja alinipigia kelele kutoka dirishani,
nikamjibu asante, asante sana, nikapunga mkono,
maji yakinimwagikia viatuni.
Alhamisi, darasani, ndipo nilipoelewa:
alikuwa akiniambia sketi yangu imenasa nyuma, kwenye chupi.

Lakini chai.

Kila jioni Burulkan hunimiminia nusu.
Hata nusu yenyewe haitimii.
Nikimaliza anamimina tena, kiduchu vilevile,
na mimi, mtu wa kuhesabu mapigo ya moyo, nikahesabu:
mara tisa, mara kumi na moja.
Nikajiambia, mume hatumi fedha,
na mimi nimekuja kuwamaliza.
Nikaanza kunywa kama ndege. Nikameza kiu.
Nikanunua pakiti ya majani sokoni, nikaichomeka kabatini
kimyakimya, kama mwizi anayerudisha.
Kesho yake niliikuta juu ya mto wangu.
Siku hiyo hakusema neno, hata yale ninayoyajua.

Ni mwalimu Cholponai aliyetufungua macho,
akifuta ubao, bila hata kugeuka:
kikombe kilichojaa ni kwaheri.
Kunywa, uende zako.
Nusu maana yake kaa,
mkono wangu bado una kazi nawe.

Wenzangu, vijana wa ishirini na kitu, waliandika.
Mimi nilitoka uani nikasimama kuitazama milima,
theluji juu yake na huu ni mwezi wa saba,
hadi pua iliponikauka.
Nyumbani kwangu, tangu Warren azikwe,
kikombe changu hukijaza mpaka ukingoni,
mara moja tu, nimesimama, karibu na sinki.

Leo ng'ombe amempiga teke Burulkan pajani.
Amekaa, ameniachia birika.
Mkono huu haukutetemeka hata kwa mapacha waliotangulia miguu;
sasa unatetemeka.
Namimina. Naangalia mstari wa maji ukipanda.
Naacha kwenye nusu.

Anachungulia ndani ya kikombe, kwa muda,
kisha ananitazama, anasema jambo refu, la taratibu,
na katika yote hayo nimeambulia neno moja:
chumvi.

Nalirudia, kwa fahari, nikiwa tayari nanyanyuka kuileta.

Nurdoolot anakaa wima.